Nchi ya wajasiriamali wengi, mbona furaha haba? Fundi cherehani naleta mezani (uzi mrefu)

Fundi wa Makoroboi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita kulikuwa na semina ya ujasiriamali kwenye ukumbi wa kata yetu hapa Mwanza. Tulikuwa kama sitini: mama lishe, wauza mitumba wa Mlango Mmoja, vijana wa bodaboda, wauza dagaa wa Kirumba, na sisi mafundi cherehani. Mkufunzi alizungumza vizuri, sina neno naye. Alisema kujiajiri ndiko kuwa huru, mtu huru ndiye mwenye furaha, na taifa lenye wajasiriamali wengi haliwezi kukosa furaha. Kisha akauliza, nadhani ili kutuchangamsha baada ya chai: "Nani hapa akipewa leo ajira ya mshahara wa uhakika, hata laki tatu kwa mwezi, ataacha biashara yake?"

Mikono ikapanda. Wa kwanza alikuwa mama mmoja anayeuza uji na vitumbua, nanunua kwake miaka mingi. Ikafuata safu yake nzima. Nikageuka nyuma, ukumbi wote umenyoosha mikono isipokuwa watu wanne au watano. Na mkono wangu mimi ulikuwa juu.

Mkufunzi akaharakisha kwenda kwenye somo la kutunza kumbukumbu. Mimi nikarudi kibandani na swali lililokataa kuniacha. Kama kujiajiri ndiko furaha, mbona sisi sitini tulikuwa tayari kuitoa kwa laki tatu?

Tangu siku hiyo nasoma usiku nikishafunga kazi. Naweka hapa nilichokipata, mnivumilie kwa urefu.

Kwanza hiyo furaha inavyopimwa. Tangu 2012 hutoka Ripoti ya Furaha Duniani. Wengi wetu tunadhani wanapima vicheko au amani ya moyo. Sivyo. Kampuni ya kupima maoni ya watu, Gallup, huwahoji watu wapatao elfu moja katika kila nchi, na swali kuu ni moja: fikiria ngazi yenye vipandio kuanzia 0 hadi 10, juu kabisa ni maisha bora kuliko yote unayoweza kuyapata, chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Wewe sasa hivi umesimama kipandio cha ngapi?

Mwaka 2017 Tanzania tulikuwa nafasi ya 153 kati ya nchi 155. Chini yetu walibaki Burundi na Jamhuri ya Afrika ya Kati tu. Nakumbuka ubishi wa wakati ule. Watu walisema hao hawatujui, sisi tuna harusi, tuna ngoma, tuna majirani. Na mimi nilisema hivyohivyo. Lakini mama wa vitumbua anacheka na kila mteja kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Ukimuuliza amesimama kipandio cha ngapi, hatakujibu kwa kicheko. Atawaza ada ya mtoto, atawaza kodi ya chumba, halafu atakwambia namba.

Sasa weka pembeni hesabu nyingine. Kuna utafiti wa kimataifa wa ujasiriamali, GEM, ulioanza 1999. Wanaangalia ni watu wazima wangapi wanaanzisha biashara au wana biashara ambayo haijatimiza miaka mitatu na nusu. Mwaka 2014 Uganda ilipita theluthi ya watu wazima wote, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Finland haikufika hata asilimia 10. Na Finland hiyohiyo ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza kwa furaha mfululizo kuanzia 2018 hadi 2025.

Mtu anaweza kusema basi biashara inaleta huzuni. Hapana, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.

Watafiti hao wa GEM huwauliza watu waliingiaje kwenye biashara. Kuna aliyeona fursa akaifuata, na kuna aliyeingia kwa kuwa hakuna lingine la kufanya. Kwenye karatasi wote wawili ni "wajasiriamali". Ripoti ya furaha ya 2017, ileile iliyotuweka nafasi ya 153, ilikuwa na sura kuhusu kazi na furaha. Humo walionyesha kuwa katika nchi tajiri aliyejiajiri kwa kawaida hujiweka juu zaidi kwenye ngazi kuliko aliyeajiriwa, ingawa pia ana wasiwasi zaidi. Ukija nchi maskini, faida hiyo haionekani.

Na hiyo faida ya nchi tajiri si suala la pesa. Marekani mtafiti mmoja, Hamilton, alitoa mwaka 2000 hesabu kwamba mtu wa kawaida aliyekaa miaka kumi kwenye biashara yake alikuwa anapata asilimia 35 pungufu ya ambacho angelipwa akiwa ameajiriwa. Pungufu! Na bado hakuacha. Wachumi Benz na Frey wa Uswisi wanaeleza sababu: kujiamulia mambo yako ni kitu chenye thamani yake, mbali na pesa inayoingia.

Hilo nalikubali kwa mikono yangu miwili. Nikitandika kitambaa mezani, nikachora kwa chaki, nikashika mkasi, hakuna mtu juu yangu. Kola ikikaa sawasawa ni mimi. Ikikaa upande ni mimi. Mtoto akipita barabarani Jumatatu ya kwanza ya muhula amevaa sketi niliyoshona, marinda yamelala vizuri, nasikia kitu kifuani ambacho mshahara hauwezi kunipa. Nilijifunza kazi hii kwa shangazi yangu nikiwa na miaka 16 na sijawahi kuichukia hata siku moja.

Sasa kwa nini nilinyoosha mkono?

Kwa sababu ya Mei 2018. Nilikuwa na cherehani tatu, mbili za kawaida na moja ya umeme, na jora tisa za kitambaa cha sare nilizokwisha kununua kwa ajili ya muhula wa Julai. Mtoto wangu wa pili akaugua. Siku kumi na moja hospitali. Hatukuwa na bima. Siku ya nne niliuza jora tano kwa bei ya hasara. Siku ya saba ikaenda cherehani ya umeme. Siku ya tisa nikachukua mkopo wa kausha damu wa laki tano, marejesho elfu kumi na moja kila siku kwa siku sitini. Mnaoijua mnaijua: ukikosa siku mbili wanakuja kubeba vyombo, majirani wanaangalia. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe, yuko darasa la sita sasa. Lakini kurudi pale nilipokuwa Aprili ya mwaka ule kulinichukua miaka miwili na miezi minne.

Naomba mlitazame hilo vizuri. Biashara yangu haikuanguka kwa sababu za biashara. Daftari nilikuwa naandika. Wateja walikuwepo. Kazi haikuwa mbovu. Mtaji uliliwa na ugonjwa, kama ulivyoliwa wa jirani yangu na msiba, na wa mwingine na mafuriko. Semina hazina somo la hilo.

Na kuna hasara nyingine ambayo haiingii kwenye daftari. Mwaka ule nilikuwa na wazo la kushona mabegi ya shule kwa turubai, kwa sababu yale yanayoletwa madukani yanachanika mikanda kabla ya muhula kwisha. Nilishachora na kukata mfano wa karatasi. Baada ya Mei nilikunja ile karatasi nikaiweka chini ya godoro. Kujaribu kitu kipya kunakula jora moja, na jora moja ilikuwa ni chakula cha mwezi. Mtu aliyesimama ukingoni harukiruki.

Ndiyo maana kwenye mtaa wetu tuko mafundi kumi na mmoja na wote tunashona sare zilezile kwa bei ileile. Mama lishe kumi, wote wali maharage. Wasomi wanatucheka kwamba tunaigana, hatuna ubunifu. Wakuu, ubunifu upo. Nimeuona kwenye madaftari ya vijana wangu. Tunaigana kwa sababu njia aliyopita mwenzako akiwa hai ndiyo njia pekee unayothubutu kuipita ukiwa na watoto nyumbani.

Turudi Finland. Mwaka 2012 Nokia walifunga kiwanda chao kwenye mji wa Salo, na waliopoteza kazi miaka ile kampuni ilipokuwa inashuka walikuwa maelfu. Hata hivyo kuanzia 2011 kampuni iliwawekea wafanyakazi wake mpango: mwenye wazo la biashara alipewa hadi euro 25,000 za kuanzia, bila ya kampuni kudai umiliki. Zikazaliwa kampuni mpya zipatazo 1,000 katika nchi mbalimbali. Serikali yao nayo ina fedha inayoitwa starttiraha: ukianza biashara unapewa pesa ya kuishi kwa miezi kadhaa, hadi mwaka mmoja, ili usile mtaji. Nirudie: pesa ya kula, ili mtaji usiguswe. Aliyeibuni hiyo bila shaka alijua mtaji unakufaje.

Tena 2017 na 2018 walijaribu kitu kingine. Watu 2,000 wasio na kazi walipewa euro 560 kila mwezi bila masharti, hata wakipata kazi haikatwi. Wengi walisema watu hao watalala. Hawakulala. Kazi walizofanya ziliongezeka kidogo tu, lakini kuridhika kwao na maisha kulikuwa 7.3 kwa 10, wakati wenzao ambao hawakupewa walikuwa 6.8. Sweden nao tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wana sheria inayompa mwajiriwa likizo ya hadi miezi sita kwenda kujaribu biashara yake. Ikigoma, anarudi kwenye kiti chake.

Kwa hiyo mimi naona tumeshika mkia tukadhani ni kichwa. Tunasema anzisheni biashara mtapata furaha. Kule waliojenga furaha walianza na sakafu: ukiugua unatibiwa, mtoto anasoma, ukianguka huangukii shimoni. Juu ya sakafu hiyo wachache wanaanzisha biashara, kwa kupenda, na hao ndio wanaosema wana furaha nazo.

Hapa kwetu nimeonja sakafu mara moja, ilikuwa kipande kidogo tu. Desemba 2018 Rais Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo chini ya milioni nne kwa mwaka. Mwaka uliofuata na mimi nikapata. Mapato yangu hayakupanda hata shilingi. Ila kwa mara ya kwanza niliona mgambo anapita na moyo haukunidunda. Mama wa vitumbua alikivaa shingoni kama medali. Ukiniuliza mwaka gani nilipanda kipandio kimoja kwenye ile ngazi, nitakwambia ni ule, na hela haikuhusika.

Nawasilisha. Nipingeni kwa hoja.

Igoma Kwetu

Mkuu, pole kwa yaliyokupata na hongera kwa kuandika. Ila sikubaliani na wewe. Nina duka la vifaa vya ujenzi, nilianza na toroli. Ukisubiri serikali ikutandikie sakafu utazeeka umesimama mlangoni. Sisi si Finland, watu milioni tano na nusu na kodi kubwa.

Kuna utafiti ulifanyika Lomé, Togo, matokeo yakatoka 2017. Walichukua wafanyabiashara wadogo 1,500. Kundi moja likafundishwa mambo ya kawaida: hesabu, masoko, fedha. Kundi la pili likafundishwa namna ya kufikiri: kujituma bila kusubiri, kutafuta fursa kabla ya wengine, kutokata tamaa likigoma. Kundi la tatu halikufundishwa kitu. Faida ya lile la pili ilipanda kwa asilimia 30. La kwanza, kupanda kwake kulikuwa kidogo kiasi cha kutohesabika. Hakuna aliyepewa sakafu. Walipewa kichwa.

Na furaha inayokuja bila kazi haikai. Bhutan ndio mabingwa wa kupima furaha ya taifa, imo hata kwenye katiba yao ya 2008, ibara ya 9. Lakini vijana wao wengi wamekwenda Australia kutafuta kazi. Huwezi kula kipimo.

Fundi wa Makoroboi

Mkuu Igoma Kwetu, hiyo ya Togo naikubali yote, na ningependa semina zetu zifuate njia hiyo. Ya Bhutan nayo ni kweli, furaha bila riziki haisimami. Ila naomba kukuuliza swali moja, na silo la kukutega. Ulipoanza na toroli, ulikuwa na mke na watoto, au ulikuwa kwa wazazi?

Igoma Kwetu

Nilikuwa nyumbani kwa baba. Chakula na malazi sikulipia miaka mitatu.

Nimekuelewa. Lakini bado nasema kichwa kwanza.

Jua Kali Siaya

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi ni Mkenya, natengeneza majiko na masanduku ya bati. Huku kwetu kila mtu ni hustler, na tangu Novemba 2022 tuko na Hustler Fund: unapata mkopo kwa simu kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Sitaikashifu, riba ni afadhali kuliko zile apu zingine. Lakini shilingi 500 ni unga na mafuta, si biashara. Mtu anakopa asubuhi, jioni imeisha jikoni.

Kitu nilichoona kwa macho ni kingine. Hapa jirani, Rarieda, shirika la GiveDirectly lilipeleka pesa kwa nyumba maskini, kuanzia 2011. Haikuwa mkopo, haikuwa na masharti, mtu anatumiwa kwa M-Pesa. Watafiti wakafuatilia. Watu walinunua mabati, walinunua mifugo, wengine wakaanza biashara ndogo. Na walipoulizwa kuhusu maisha yao, furaha na kuridhika vilipanda, msongo wa mawazo ukashuka. Pombe na sigara hazikuongezeka, na hiyo ndiyo watu wengi walikuwa wakiogopa.

Linganisha na mikopo midogo. India, mji wa Hyderabad, mitaa 104, nusu ikafunguliwa matawi ya mikopo ya vikundi. Biashara zilipanuka kidogo kwa wale waliokuwa nazo tayari. Lakini maisha ya wanawake kwa jumla hayakubadilika vile ilivyotangazwa duniani. Deni ni deni hata likiitwa uwezeshaji.

Dada wa Tampere

Mdogo wangu Fundi, nimesoma mara mbili. Niko Finland mwaka wa 17, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na mume wangu alifungua karakana ya baiskeli. Starttiraha tuliipata, ni kweli, ilitusaidia kulipa pango miezi ile ambayo hakuja mteja. Alipovunjika mkono wakati wa barafu alitibiwa kwa pesa ndogo sana. Karakana ilifungwa wiki sita na haikufa. Kwa hilo nakuunga mkono kabisa.

Ila nisiwadanganye. Wajasiriamali wa hapa nao wanalalamika. Kuna bima ya lazima ya pensheni ya wajasiriamali, YEL, unalipa hata mwezi ambao hukuuza kitu, na wengi inawaumiza. Majira ya baridi ni marefu na upweke upo. Mama yangu alikuja miezi mitatu, akaniuliza mbona hakuna anayebisha hodi.

Nadhani wanachojibu kwenye ile ngazi ni utulivu. Mtu wa hapa hawazi kwamba kesho inaweza kumnyang'anya kila kitu. Sijui kama kwa Kiswahili ningeliita furaha. Ningeliita kutokuwa na hofu.

Fundi wa Makoroboi

Dada, shikamoo. Neno lako hilo, kutokuwa na hofu, ndilo nililokuwa nalitafuta usiku kucha nikaishia kuandika "sakafu".

Mchumi wa Ubungo

Mleta mada, nikuletee upande wa pili wa ile mikono iliyonyooshwa. Ethiopia, watafiti Blattman na Dercon walichukua watu karibu elfu moja walioomba kazi za viwandani. Kwa bahati nasibu, wengine wakapewa kazi, wengine wakapewa dola 300 na mafunzo ya siku chache waanze biashara, wengine hawakupewa kitu. Waliopata ajira, wengi wao waliacha kabla ya mwaka kwisha. Kazi ngumu, mshahara mdogo, afya ikaharibika. Waliopewa dola 300 baada ya mwaka kipato chao kilikuwa juu kwa theluthi moja. Baada ya miaka mitano makundi yote yakalingana.

Kwa hiyo usidhani laki tatu ya mwajiri ingewapa watu wako sitini kipandio kipya. Wangerudi kwenye vitumbua baada ya miezi minane.

Fundi wa Makoroboi

Mkuu, hapa umenifundisha, na nimekaa nalo siku nzima kabla ya kujibu.

Nilimfuata mama wa vitumbua leo asubuhi. Nikamuuliza: ungekwenda kweli? Akasema, "Kwenda kusimamiwa na mtu? Siwezi. Nilinyoosha mkono kwa sababu alisema *uhakika*." Nikamuuliza, na kama ungepata uhakika huo hapahapa kwenye vitumbua, yaani ukiugua kuna mtu analipa? Akaniangalia kama nimemuuliza habari za peponi. Akasema angeanza kuuza na chapati za kumimina, maana wateja wa stendi wanaziulizia, ila anaogopa kuharibu ngano.

Kwa hiyo narekebisha: hatukuwa tunamtaka bosi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023. Mimi ningepewa nafasi ya kuomba kitu kimoja kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo wa nchi hii, singeomba mkopo. Ningeomba hiyo ifanye kazi mpaka kwenye kibanda cha mwisho. Asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa ajili ya mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ni jambo jema na nimeona waliosaidika. Lakini nimeona pia mkopo wa halmashauri ukiingia Jumatatu na kulipia oparesheni Alhamisi. Kikundi kinabaki kinadaiwa mtaji ambao haukuwahi kugusa biashara.

Mama Vitenge Tabora

Fundi, nimefuatilia toka mwanzo. Yote mazuri, lakini bima ya wote sisi hatuiamrishi. Wewe mwenyewe umefanya nini tangu 2018? Maana umesema umerudi uliposimama, bila shaka kuna njia uliyopita.

Fundi wa Makoroboi

Dada, hii nilitaka kuiacha kwa kuwa ni ndogo, ila kwa kuwa umeuliza.

Tuko mafundi 14 kwenye kikoba kimoja. Zamani kilikuwa cha kawaida: hisa kila wiki, unakopa mara tatu ya hisa zako, Desemba tunavunja tunagawana. Mfuko wa jamii tulikuwa nao kama vikoba vingine, lakini ulikuwa wa rambirambi tu. Yaani ulikuwa unakusubiri ufiwe.

Miezi ishirini iliyopita tuliubadilisha. Kila mmoja anaweka elfu mbili kila Jumapili, mbali na hisa, na hela hiyo haigawanywi mwisho wa mwaka, haikopwi na mtu yeyote, hata mwenyekiti. Mwanachama akilazwa, au mtoto wake au mwenzi wake, anapewa elfu kumi kwa siku, mwisho siku kumi na nne. Na kuna sharti la pili, ambalo nadhani ndilo kubwa zaidi: oda zake tunagawana tunazimaliza sisi, wateja wanalipa kwake. Wa kwanza kupata alikuwa binti mmoja aliyejifungua kwa oparesheni mwezi wa Desemba, msimu wenyewe. Tulishona sketi zake 60 kwa usiku nne. Alirudi akakuta wateja wake wote wapo.

Mpaka sasa tumelipa mara tisa. Walioondoka kwa kusema ni mzigo ni wawili, na waliotaka kuingia kujaza nafasi zao walikuwa saba. Tulichukua wawili tu, kwa sababu mfuko hauwezi kubeba watu ambao hatujui kazi zao. Hasa hilo sharti la oda: lazima uamini mkono wa mwenzako kwenye kitambaa cha mteja wako.

Haitoshi, nakiri. Laki na arobaini haifuti deni la hospitali la siku kumi na moja, na ndiyo maana mkono wangu bado ulipanda kule ukumbini. Ila mwaka jana nilitoa ile karatasi chini ya godoro. Novemba nikanunua turubai nusu jora, nikashona mabegi 40. Mpaka wiki ya pili ya Januari yalikuwa yameuzika 31. Tisa yaliyobaki yananing'inia hapa juu ya cherehani ninapoandika. Mikanda iko imara, nimeivuta kwa uzito wa ndoo ya maji. Zipu ndiyo tatizo, nilichukua nyembamba na ikijazwa madaftari inaachia. Nimeagiza nene kutoka Dar, naambiwa basi linaingia Alhamisi.

Mama Vitenge Tabora

Zikifika niambie bei ya begi moja na bei ya kumi. Huku Tabora nina wanangu watatu wa msingi, na mashoga zangu sokoni wana wao.